Mtani wa Watu wa Harlem

Bwalo la shule lilijaa siku ile, lakini walionihusu mimi ni wanne, na wa tano ni mimi mwenyewe. Majina yao ninayo, ya baba zao ninayo, na nikisukumwa kidogo natoa hata ya babu zao. Ila haya ninayoandika yatasomwa na watu wasiowajua, kwa hiyo nitawataja kwa udugu na kwa kazi zao, inatosha.

Wa kwanza ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa tatu. Nilimlea mwenyewe hapa Magomeni ya Kilosa tangu alipoachishwa ziwa mpaka alipokwenda kidato cha tano. Siku ile alikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya sekondari upande wa Ruaha, kule kwenye miwa, anafundisha fasihi huku akisubiri ajira kama wenzake wote. Wa pili ni mtani wangu, mwanamke wa Kinyamwezi, jirani yangu wa ua kwa ua kwa zaidi ya miaka arobaini. Babu yake alikuja Kilosa kutandika mataruma ya reli, akanogewa, hakurudi. Mimi ni Msagara wa milimani. Wanyamwezi na sisi tunataniana tangu enzi za misafara, babu zake wakipita bondeni na mizigo kichwani, babu zangu wakiwachungulia kutoka juu. Wa tatu ni mkuu wa shule, mtu wa mbali, wa upande wa Ziwa, asiye na undugu wala utani na yeyote kati yetu. Wa nne ni mgeni rasmi, afisa elimu mstaafu, mtoto wa mama yangu mdogo. Kwa hiyo ni kaka yangu, ingawa siku ile alikaa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, ananitazama kama hanijui.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, shule ya misheni. Kusoma najua, kuandika naandika polepole, na mkono ukichoka napumzika.

Mambo yenyewe yalianza likizo ya Pasaka. Mjukuu wangu alikuja kunitazama, akanikuta uani nachambua maharage. Alikuwa na kitabu kinene chenye picha, cha kuazima, amekifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Akakaa kwenye mkeka, akatoa simu.

"Bibi, nikuwekee muziki?"

"Wa nani?"

"Wa watu weusi wa Amerika. Wa miaka mia iliyopita."

"Wako hai?"

"Bibi! Miaka mia!"

"Nauliza tu. Wengine wanaishi."

Akabonyeza. Mwanzoni nikasikia mikwaruzo, kama bisi zinaanza kupasuka kwenye chungu, halafu ikaja sauti ya mwanamke. Sikuelewa hata neno moja. Lakini nilisimamisha mikono, maharage yakabaki kwenye ungo. Mwanamke yule alikuwa akilivuta neno moja mpaka linachoka, halafu analiacha lianguke lenyewe.

"Huyu mama," nikamuuliza, "mume wake amekwenda wapi?"

Mjukuu wangu akanitazama. "Umejuaje kama mume wake kaondoka?"

"Hiyo si sauti ya mtu mwenye mume ndani."

Akacheka mpaka akajilaza kwenye mkeka. Kumbe ndivyo wimbo ulivyosema kweli. Nikamwambia nilishaisikia sauti ile. Mama yangu alikuwa anafua nguo za wanyapara katika shamba la mkonge, na sisi watoto tulikaa kambini. Pale kambini kulikuwa na watu wa kila upande wa nchi, Wangoni, Wabena, Wamakonde, Wanyamwezi, watu walioletwa na kazi. Wanaume walikuja kwa mkataba na wakaondoka kwa mkataba, na wanawake waliobaki walifua na kuimba. Waliimba vile vile. Hawakuwa wanamlilia mtu, walikuwa wanamsema.

Ndipo akanieleza habari za wale watu, naye alieleza vizuri, kwa sababu ana kipaji cha kueleza. Alisema babu zao walikuwa watumwa kwenye mashamba ya pamba. Utumwa ukaisha kwa jina, lakini wakaendelea kupigwa, na wengine kunyongwa mitini kwa kosa la kumtazama mtu vibaya. Basi wakaanza kupanda treni kwenda kaskazini, familia kwa familia, na wengi wakashukia New York, katika mtaa unaoitwa Harlem. Mchana walikuwa wapishi, madobi, wapagazi wa stesheni, waendesha lifti. Wakitoka kazini, huyu anaandika shairi, yule anachora, wengine wanapiga piano na tarumbeta. Wakachapa magazeti yao wenyewe. Wakafungua maonyesho yao. Katika miaka michache tu mtaa ukawaka, na watu waliokuwa wakiambiwa hawana chochote wakawa wanasomwa na kusikilizwa mpaka ng'ambo ya bahari.

"Hiyo ni kambi," nikasema.

"Kambi gani?"

"Ya mkonge. Watu wanatoka kila mahali, wamekutanishwa na shida, mchana wanakatwa mikono na miiba, Jumamosi wanavaa vizuri wanacheza ngoma zao. Mngoni anajifunza ya Mmakonde, Mmakonde anajifunza ya Mnyamwezi. Ikatoka ngoma ambayo kwao hawakuwa nayo."

Mjukuu wangu akafungua daftari na kuandika nilichosema, na tarehe akaweka. Katika umri wangu wote sijawahi kuona mtu aliyesoma akiandika maneno yangu, isipokuwa karani wa kliniki. Namshukuru mpaka leo kwa hilo, na yeye hajui kwamba nilikwenda jikoni kutafuta chumvi ambayo sikuihitaji.

Jioni ile akaniambia pia kwamba jazi ilitoka kwa watu hao hao. Mimi niliolewa wakati bendi za jazi zinatoka Morogoro kuja kutuchezesha Kilosa, na nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikabaki ukumbini. Muda wote huo nilidhani jazi ni ya Morogoro.

Sasa niseme kilichokuwa kinamsumbua. Pale shuleni alikuwa na kikundi cha kusoma na kuigiza, kama wanafunzi ishirini, kinakutana kila Ijumaa mchana katika chumba kilichokuwa stoo. Walikuwa wanasoma mashairi ya wale watu wa Harlem, wanayageuza Kiswahili, wanachora sura zao kwa mkaa. Basi baadhi ya wazazi wakalalamika kwamba watoto wanafundishwa muziki wa baa. Mkuu wa shule akamwita mjukuu wangu akamwambia afanye siku moja ya maonyesho, aalike wazazi na mgeni rasmi. "Nione nidhamu, nione na faida. Nisipoviona, chumba kinarudi kuwa stoo ya mahindi."

"Na kikirudi kuwa stoo?" nikamuuliza.

"Ndio basi, Bibi. Hatuna pengine pa kukaa." Alikuwa anachomoa ukindu kwenye mkeka. "Kuna msichana mmoja pale alikuwa haongei kabisa darasani. Mwaka mzima. Walimu walidhani ni bubu. Sasa anaimba. Kikundi kikifa, sijui atakwenda kuongelea wapi."

Akaniomba niende siku hiyo nikae mbele, nifungue kwa sala. "Wazazi wakimwona bibi kizee mbele watatulia."

"Bibi kizee ndiye nani?"

"Basi bibi kijana."

Nikakubali. Lakini nilikuwa na swali. Nikamuuliza wale watu walizikwa wapi. Akasema wengine walizikwa kwa heshima, umati barabarani. Wengine vitabu vyao vilipotea madukani, wakafa wakiwa watu wa kazi za ndani, wakazikwa bila hata jiwe la jina, mpaka miaka mingi baadaye watu wakaanza kuzunguka majanini kutafuta makaburi.

"Na huku kwetu nani aliwalilia?"

"Huku? Bibi, huku hakuna aliyewajua."

Neno hilo lilinikaa. Kwa mjukuu wangu ile ilikuwa siku ya kuwaenzi wasanii. Kwangu mimi ukisema unakusanya watu, unaweka picha za waliokufa mezani, unaimba na kusoma habari zao, hayo ni matanga. Na matanga bila mtani kwetu ni nusu. Asiyejua nimweleze: mtani ndiye anayekuja msibani kuzuia njia. Anamwiga marehemu, anamtukana, anataka apewe kitu ndipo aachie jeneza lipite, na wafiwa lazima wamjibu kwa mdomo, si kwa hasira. Katika kumjibu ndipo mnajikuta mmecheka, na mmesema mema yote ya marehemu bila kukusudia. Ndipo marehemu anapokwenda. Na mtani hatangazwi. Ukimwambia mfiwa kwamba mtani atakuja saa fulani, umeshaharibu.

Kwa hiyo sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu, naliandika mwenyewe kabla hajaliandika mwingine.

Nilimfuata mtani wangu uani kwake, anaanika nguo.

"Mtani, nina msiba."

Akaacha shuka likining'inia kwenye kamba. "Nani?"

"Wengi. Wamarekani."

Akanitazama toka miguuni mpaka kichwani. "Leo umekunywa nini?"

Nikamweleza yote, pamba, treni, Harlem, stoo ya mahindi. Alisikiliza akiwa na vibanio vya nguo mdomoni. Nilipomaliza akavitoa.

"Undugu wako na hao watu ni upande gani?"

"Walichukuliwa Afrika."

"Afrika ni kubwa. Upande gani?"

Nikasema kweli, kwamba mjukuu wangu aliniambia wengi walichukuliwa upande wa magharibi, mbali, bahari nyingine kabisa.

"Magharibi!" akapiga kofi. "Basi hao ni watu wa kwetu Tabora. Mimi ndiye mfiwa. Wewe ndiye uje kuzuia njia, Msagara wewe, kama unajua kutoka mlimani."

"Tabora wewe ulifika lini? Umezaliwa hapa stesheni."

"Na chakula kitakuwepo?"

"Kitakuwepo."

"Haya. Ila nisiambiwe nikae nyuma."

Siku ya siku tukapanda basi la asubuhi. Mikumi tukashuka kubadilisha gari. Mtani akanunua hindi la kuchoma, na nyani mmoja wa pembeni mwa barabara akakaa akimtolea macho. "Usiniangalie mimi," akamwambia, "nenda kamwombe yule mwenye kitenge cha bluu, ndiye wa ukoo wenu." Watu wa stendi walicheka, na mimi ndiye niliyekuwa na kitenge cha bluu.

Ruaha walikuwa wanachoma miwa. Masizi meusi yalikuwa yanaelea hewani na kutua kwenye vitambaa vyeupe vya meza kuu, wasichana wakiyapuliza, mengine yanatua. Mjukuu wangu alikuwa amevaa gauni la kijani, midomo imemkauka. Akaniamkia, akamwamkia mtani wangu kwa adabu zote, "Shikamoo Bibi," akaitikiwa "Marahaba mke mwenzangu, huyo mume wetu amekuachaje ukakonda hivi," akacheka kidogo, akadhani nimekuja na rafiki wa kunisindikiza. Akanikalisha mbele. Mtani hakuonekana tena. Nikajua amejificha mahali.

Nilisali, kwa kifupi. Kisha mambo yakaanza, na nisiwadanganye, yalikuwa mazito kumeza. Watoto walisoma mashairi wakiwa wamenyooka kama askari. Mvulana mmoja alisoma habari za treni ya kwenda kaskazini utadhani anasoma tangazo la mkutano. Wazazi nyuma walikuwa wanazungumzia bei ya mbolea. Mkuu wa shule alitazama saa yake mara mbili, na mara ya pili hakuificha. Mjukuu wangu alisimama pembeni na karatasi zake, anazikunja na kuzikunjua. Niliumia. Kazi ya mwaka mzima, na chumba kinageuka stoo mbele ya macho yake.

Halafu akaja yule msichana aliyekuwa haongei. Alivaa kofia yenye manyoya ya kuku, waliyoitengeneza wenyewe, kama wale waimbaji wa kwenye picha. Akaimba wimbo wao walioutunga, wa mwanamke anayefua nguo za watu huku treni inapita. Sauti ndogo, lakini ya kweli. Nyuma yake wenzake walianza kuja kwa mstari kutoka mlangoni, kila mmoja ameshika picha aliyoichora kwa mkaa, wanakwenda kuzipanga mezani mbele ya mgeni rasmi.

Ndipo tukasikia: "Uuuwiii! Simameni hapo hapo!"

Mtani wangu aliingia kwa mlango wa jikoni. Kanga kaifunga juu chini, uso kaupaka masizi ya miwa, mkononi ana mwiko wa wapishi wa shule. Akakimbia kwa magoti yake mabovu mpaka katikati ya bwalo, akajilaza chini chali, mbele ya watoto na picha zao.

"Hampiti! Mnawapeleka wapi hawa bila kuniambia?"

Msichana akakata wimbo. Mkuu wa shule akasimama. "Mama, tafadhali, toka njiani. Nani kamruhusu huyu mama? Mlinzi yuko wapi?"

Mjukuu wangu akanigeukia. Sitalisahau jicho lile. Halikuwa la hasira, lilikuwa la mtu aliyesukumwa na mkono alioutegemea. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mkuu alitaka nidhamu, na mimi nimemletea kikongwe amelala sakafuni na mwiko.

Nikasimama. "Nimemleta mimi," nikasema. "Ni mtani."

"Mtani wa nani?" mkuu akauliza.

"Wa marehemu."

Akanitazama kama naongea lugha ya ndege. Kwao hawana hayo. Mlinzi alishafika mlangoni. Na hapo namshukuru kaka yangu mgeni rasmi, ambaye tangu asubuhi alijifanya hanijui. Alisimama taratibu, akavua koti, akalitundika kwenye kiti kile cha kitambaa, akainama mbele ya mtani wangu.

"Mtani, tuachie njia tuzike."

"Wewe ndiye mkubwa wa wafiwa?"

"Ndimi."

"Mbona umenona namna hiyo kwenye msiba? Wenzako wanalia, wewe unashiba!"

Wazazi nyuma wakaangua kicheko. Wengi pale ni watoto wa watu waliokuja kufanya kazi kwenye miwa, Wangoni, Wahehe, Wapogoro, utani wanaujua vizuri kabisa. Wakaacha mbolea, wakasogeza mabenchi mbele.

"Tukupe nini utuachie?" kaka akauliza.

"Mua. Na mniambie hawa ni kina nani. Mimi siwezi kuwaachia njia watu nisiowajua." Mama mmoja akatoka mbio kufuata mua. Mtani akanyoosha mwiko kwenye picha ya kwanza. "Huyu! Ndugu zenu hawa waliondoka hawakuaga. Miaka mia tatu hawajaleta hata salamu! Halafu nasikia walipofika huko wakaanza kupiga tarumbeta mpaka majirani wakakosa usingizi. Kofia ya manyoya, tumboni hakuna kitu! Shairi, shairi, shairi! Hata akitaka chumvi kwa jirani anapeleka beti nne! Waongo hao. Kama walikuwa watu wa maana, anijibu mtu!"

Mimi ningeweza kujibu, lakini haikuwa zamu yangu. Nilimtazama mjukuu wangu. Nilimlea mimi, alishakaa na mimi misibani tangu anatambaa, alishaona watani wakizuia majeneza. Anajua mtani hajibiwi kwa hasira.

Akaziweka karatasi zake juu ya benchi. Akaenda akachuchumaa kando ya kaka yangu.

"Hawakuondoka bila kuaga, Bibi. Walifungwa minyororo."

"Mdomo nao ulifungwa?"

"Lugha zao walinyang'anywa. Wakaanza upya na ya wengine, mpaka wakaishinda. Na usiseme tumboni hakuna kitu, walikuwa wanapika, ila walikuwa wanapikia watu wengine. Huyu mwenye tarumbeta mchana alikuwa anabeba mizigo stesheni."

"Stesheni!" Mtani akanyanyua kichwa. "Kama babu yangu?"

"Kama babu yako. Na huyu alikuwa anafua."

"Na mashairi aliandika saa ngapi, mwongo wewe?"

Sasa akajibu yule msichana mwenye kofia, yule waliyedhani bubu. "Baada ya kufua!" Akasema kwa nguvu mpaka kofia ikainama. "Mikono ikiwa bado imelowa!"

Bwalo likapiga makofi. Basi ikawa hivyo. Mtani anatukana, watoto wanajibu. Yule mvulana aliyesoma kama tangazo la mkutano alishika picha yake akaeleza kwamba mchoraji huyu aliambiwa watu weusi hawafai kuchorwa, akawachora wakicheza, wakila, wakienda kanisani. Mzee mmoja Mngoni akadakia kutoka nyuma kwamba kama wangekuwa Wangoni wasingekamatwa, akazomewa na bwalo zima. Karatasi hakuna aliyezikumbuka. Vyote walivyovisoma Ijumaa kwa Ijumaa vilikuwa vinawatoka mdomoni kama habari za nyumbani kwao.

Mwishowe mtani akasema: "Mnasema walikuwa na kumbi kubwa za muziki. Basi walijinenepesha wenyewe humo, wakacheza na ndugu zao, huku wametusahau."

Mjukuu wangu akatikisa kichwa. "Kuna kumbi waliingia kupiga tu, Bibi. Watu weusi jukwaani, wazungu kwenye meza. Ndugu zao hawakuruhusiwa kukaa."

"Ndani ya mtaa wao?"

"Ndani ya mtaa wao."

"Kaka anapiga muziki ndani, dada kasimama nje?"

"Ndiyo, Bibi."

Mtani wangu akanyamaza. Mimi namjua kwa miaka arobaini na zaidi, na sijawahi kumwona akikosa neno, hata alipozikwa mume wangu hakukosa. Akajiinua akakaa. Akajifuta masizi kwa pindo la kanga.

"Hapo sina utani," akasema. "Wapiteni."

Alikosea, alitaka kusema wapitisheni, lakini hakuna aliyecheka. Mama yule alikuwa ameshaleta mua, akampa. Mtani akaupokea kwa mikono miwili, akasogea pembeni. Watoto wakapita na picha zao mmoja mmoja, na watu wazima walikuwa wamesimama wote, hakuna aliyewaambia wasimame. Msichana akauanza wimbo wake tena tangu mwanzo. Safari hii wanawake wa nyuma waliupokea, kwa sababu ni wimbo wa kufua, na nani pale alikuwa hajawahi kufua nguo za mtu mwingine?

Baada ya shughuli mkuu wa shule alimwita mjukuu wangu ofisini. Mimi nikakaa nje kwenye benchi, mtani ubavuni kwangu anamenya mua kwa meno matatu. Sikuweza kula. Nikawa naomba Mungu: adhabu ije kwangu, mtoto abaki na chumba chake.

Mlango ukafunguliwa. "Bibi, ingia."

Nikamwomba mkuu radhi kabla sijakaa. Nikamwambia mjukuu wangu hakujua lolote, kosa lote ni la kwangu, nilichanganya shughuli ya shule na msiba.

"Ungeniambia," mkuu akasema.

"Ningekuambia ungekataa, mwanangu."

"Ningekataa, ndiyo." Akajikuna kidevu. "Yule mama angelala pale mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mngemjibu."

Akatazama dirishani. Kisha akasema kwamba mzazi mmoja alikuwa ametoka kuongea naye, yule yule aliyelalamika zaidi habari za muziki wa baa. Bado hapendi kucheza. Ila anauliza: kama wale watu waliandika maisha ya madobi na wapagazi, watoto hawa wataandika lini ya wakata miwa? Baba yake alikata miwa pale miaka yote na hakuna mahali alipoandikwa.

"Nidhamu sikuiona," mkuu akamwambia mjukuu wangu. "Faida nimeiona. Kaeni na chumba. Mahindi nitayatafutia mahali. Lakini siku nyingine kama kuna mtu atalala sakafuni, awekwe kwenye ratiba."

"Ndiyo, Mkuu," akasema mjukuu wangu. Hakumwambia kwamba mtani hawekwi kwenye ratiba. Amekua.

Alitusindikiza mpaka kwenye gari. Tulipofika kituoni akasema, "Bibi, leo umenitia aibu ambayo sijawahi kuipata. Halafu umeniokoa. Sijui nianze na lipi."

"Anza na aibu, mwanangu. Ile nyingine haina haraka."

Akaanza. Alinisema sawasawa, palepale kituoni, na kila alichosema kilikuwa kweli, kwamba ningeweza kumwamini. Mtani wangu alitaka kuingilia, nikamkanyaga mguu. Alipomaliza alinikumbatia, na nywele zake zilikuwa zinanuka moshi wa miwa.

Naandika haya kwa kushukuru. Namshukuru yeye kwa kuniletea watu wale uani kwangu, nikiwa na umri huu ambao watu hawakuletei tena kitu kipya. Nawashukuru na wao wenyewe, huko walikolala, wenye mawe na wasio na mawe. Walichoka kama mama yangu alivyochoka, na bado wakaandika. Bila wao nisingeshika kalamu hii, ningesema ni ya waliosoma.

Kama ulikuwepo bwaloni siku ile na unaona nimeweka neno la mmoja mdomoni mwa mwingine, njoo Magomeni unisahihishe. Mjukuu wangu anashikilia kwamba msichana aliimba mara tatu, mimi nakumbuka mbili. Mzee Mngoni anasema hakuzomewa. Na kama wewe ndiye uliyeleta mua, unisamehe, nilikuona mgongo tu ukikimbia. Niambie ni wewe, nifute hapo niandike upya.